Nilimwita Mwoga

Nakuandikia wewe mzazi ambaye nyumbani kwako kuna mtoto asiyelala. Mimi ni mtu wa kabila la Wawanga, mwenyeji wa Matungu, Kaunti ya Kakamega, upande wa Koyonzo. Si mwalimu wala daktari. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na miaka mingi nimeendesha trekta la kubeba miwa. Ninayosimulia hapa ni yale Mungu aliyonitendea mimi na kijana wangu wa pili. Kabla ya kuandika nilimwomba ruhusa. Akaniambia, "Andika, baba, lakini jina langu usiliweke." Basi sitaliweka.

Anayeijua Matungu anajua miwa. Imetuzunguka pande zote. Tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, wengi wetu tumelishwa, tumevishwa na kusomeshwa na zao hilo. Muwa ukikomaa unampita mtu mzima kwa urefu, na vijia vya kwenda shuleni, mtoni na dukani vinapita katikati yake. Sisi tulipokuwa wadogo tulipita humo tukitafuna, hatuna habari na lolote.

Halafu ukaja mwisho wa 2018 na ile miezi ya kwanza ya 2019. Magenge yenye mapanga yalikuwa yakivamia maboma ya Matungu usiku. Watu waliuawa, wengine wakabaki na majeraha ya maisha. Habari zilifika Nairobi, viongozi wakaja, askari wakaongezwa. Lakini askari hawezi kulala katika kila boma. Tulifunga milango jua likiwa bado linaonekana. Mbwa akibweka, mnazima taa na kunyamaza, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake.

Sitaficha jambo. Wakati ule nyumba yangu iliponihitaji kuliko wakati wowote, mimi nilikuwa mlevi. Kazi za miwa zilikuwa zimeanza kulegea, na Septemba 2019 kiwanda kilipowekwa chini ya mrasimu, siku za kuwasha trekta zikawa chache kabisa. Nilimwambia mke wangu kwamba nakunywa kwa sababu ya mawazo. Ukweli ni kwamba niliogopa kulala kwangu. Pale sokoni palikuwa na taa na watu wengi. Nyumbani kulikuwa na giza na miwa. Nikawa naondoka alasiri, narudi usiku wa manane au asubuhi, na siku nilizobaki nyumbani niliwasimulia wakubwa wenzangu habari za mauaji mbele ya watoto, fulani alivyokatwa, fulani alivyokutwa, kana kwamba watoto hawana masikio.

Kijana wangu alikuwa darasa la nne. Alikuwa mtoto mcheshi, anayependa mpira. Mwaka ule alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Kila asubuhi ya shule alilalamika tumbo. Mara kichwa. Mara anatapika chai. Akifukuzwa aende, anafika nusu ya njia na kurudi mbio. Mwalimu wake alituma ujumbe kwamba darasani analala.

Tulimpeleka zahanati. Akapimwa malaria, hana. Akapewa dawa ya minyoo, akapimwa taifodi. Tukampeleka kuombewa, na aliyemwombea akasema ni roho imeingia nyumbani. Vipimo vilipokosa kuonyesha kitu na maombi yalipokosa kuzaa matunda niliyoyataka mimi, nikaamua kwamba mtoto ni mwongo na mwoga. Nikamwita hivyo mbele ya wenzake. "Mwanaume wa Kiwanga halii ovyo," nilimwambia, na nikakata fimbo ya mpera. Siku moja nilimburuta hadi shuleni na kumwambia mwalimu amchape mbele yangu. Mwalimu alikataa. Alisema sheria ya elimu ya 2013 inakataza, na kwamba hata isingekataza haoni kosa la mtoto. Nilimdharau moyoni. Nilisema ndiyo maana watoto wa siku hizi wanadeka.

Tarehe 3 Februari 2020 wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipoteza maisha katika msongamano wa ngazi wakitoka darasani jioni. Kaunti nzima ililia. Kijana wangu alisikia redioni kwa jirani. Tulipokaa kula akaniuliza, "Baba, mtoto akifia shuleni, mama yake anajuaje?" Nikamjibu, "Kula ugali." Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Mwezi uliofuata korona ikafunga shule zote za Kenya. Kwa wazazi wengi yalikuwa mateso. Kwetu ilionekana kama dawa. Tumbo likaacha kuuma, mtoto akanenepa, akacheza mpira na ndugu zake karibu na nyumba. Tulimshukuru Mungu tukidhani amepona. Sikuona kwamba hatoki bomani hata kutumwa chumvi. Sikuona kwamba mama yake akienda mtoni, yeye humfuata. Hofu ikikimbiwa hutulia, na mtu hudhani imeondoka. Inasubiri siku utakapolazimika kurudi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Januari 2021, shule zilipofunguliwa kwa madarasa yote. Sare ilikuwa fupi kwake, kifundo cha mguu kikionekana. Mama yake alimpa chai, akageuka kumimina ya mdogo wake, na alipotazama tena, kikombe kilikuwa mezani na mtoto hayupo. Nilichukua fimbo nikaingia shambani kumtafuta.

Nilimkuta katikati ya mistari ya miwa, amechuchumaa, begi amelikumbatia kifuani. Alikuwa akihema kama aliyetoka mbio, midomo imekauka, vidole vinatetemeka. Suruali ilikuwa imelowa. Hakukimbia aliponiona. Alisema, "Nipige hapa hapa, baba. Lakini nikienda, nani atabaki na mama?"

Nikamwuliza anamaanisha nini. Akasema, "Usiku wewe huwa haupo. Mimi ndiye husikiliza."

Nilikaa chini. Kidogo kidogo, kwa maneno ya kukatika, alinieleza. Tangu 2019, usiku ambao sikuwa nyumbani alikaa macho karibu na mlango, jembe likiwa kando yake, akisikiliza mbwa. Nikirudi ndipo alipolala, usingizi wa kufa, na ndiyo sababu ya kitanda kulowa. Nisiporudi alikaa hadi kuche. Mchana darasani usingizi ulimshinda, na akiamka moyo ulimwenda mbio, akiwaza kwamba huenda jioni atakuta mama na wadogo zake wamekatwa. Shule yenyewe hakuiogopa hata kidogo. Aliogopa kuondoka.

Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa akifanya kazi yangu ya baba, nami nilikuwa nikimchapa kwa sababu imemchosha. Ile fimbo sijui niliiacha wapi.

Sasa niseme jinsi rehema ilivyotufikia, maana sikuitafuta wala sikuistahili. Kijijini kwetu kuna mama mmoja mzee, mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za vyandarua, chanjo na wajawazito. Mwaka uliotangulia alikuwa amekuja kwangu kuuliza habari za kijana, nami nikamfukuza. Nilimwambia apeleke vyandarua kwa wenye malaria na aache kunifundisha kulea. Wiki ile ya Januari mke wangu alimwita, naye akaja. Hakunikumbusha niliyomwambia. Aliketi kwenye stuli, akamtazama kijana, akazungumza naye habari za mpira, kisha akanigeukia.

"Mwanangu," alisema, "huyu si mwoga. Mwoga angelala."

Nilishindwa kumtazama usoni. Nikasema tu, "Asante, Mama. Sasa tufanye nini?" Akatupeleka mwenyewe hospitalini, tukaonana na mshauri nasaha. Nauli ya bodaboda siku ile alitoa yeye.

Yule mshauri hakutoa vidonge. Alianza kwa kutueleza mwili unavyofanya kazi. Mungu ametuwekea ndani mlinzi, akasema, kama mbwa wa boma. Hatari ikija hubweka, na mwili mzima huamka: moyo huenda mbio ili damu ifike miguuni, pumzi hupanda, tumbo husimamisha kazi yake na kujikunja, mkojo hutaka kutoka. Mbwa aliyewahi kuona mwizi huanza kubwekea hata upepo. Kwa hiyo tumbo la mtoto liliuma kwelikweli. Hakudanganya hata siku moja. Kusikia hivyo, kijana alinitazama, nami nikainamisha kichwa.

Alitufundisha mambo ambayo nayaeleza hapa kwa sababu huenda unayahitaji leo.

La kwanza, nisimwambie mtoto kwamba hakuna kitu. Kitu kilikuwepo. Watu waliuawa Matungu na yeye alijua. Nikimwambia hakuna, atajua tu kwamba baba hasemi kweli au haoni, na ataongeza zamu ya kulinda. Badala yake tutengeneze kinachotengenezeka. Tukaweka komeo jipya. Tukakubaliana na majirani kupiga filimbi kukiwa na tatizo, na namba zao za simu tukazibandika ukutani. Na mimi niwe nyumbani kabla ya giza. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu.

La pili, habari za kutisha zisizungumzwe ovyo mbele ya watoto. Wakiuliza, wajibiwe kwa kifupi na kwa ukweli, kulingana na umri wao, kisha waulizwe wao wanawaza nini.

La tatu, pumzi. Kuvuta hewa kwa pua taratibu ukihesabu hadi nne, tumbo lijae, kisha kuitoa kwa mdomo polepole zaidi, hadi sita. Kutoa pole pole ndiko kunakouambia mwili kwamba hatari imepita. Hofu ikizidi, ataje vitu vitano anavyoviona na ashike kitu kilicho karibu, ili akili irudi hapo alipo. Tulifanya zoezi hili jioni akiwa ametulia, kwa sababu jambo lisilozoeleka wakati wa amani halikumbukwi wakati wa hofu.

La nne ndilo lililoniponya mimi ubishi. Nilifikiri kuna njia mbili tu: kumlazimisha kwa fimbo, au kumhurumia akae nyumbani. Mshauri alisema zote mbili huikuza hofu. Fimbo inaongeza hatari juu ya hatari. Kukaa nyumbani kunamfundisha mtoto kwamba kweli hawezi. Kilichobaki ni kwenda naye, hatua ndogo ndogo, na kutosogea hatua nyingine hadi ile ya kwanza izoeleke.

Basi tulianza. Kwanza tulitembea hadi mwisho wa kijia cha miwa na kurudi. Jumamosi tukaenda hadi lango la shule, likiwa limefungwa. Kisha akaenda wakati wa mapumziko tu, akaketi na yule mwalimu niliyemdharau, chini ya mwembe, nami nikisubiri ng'ambo ya barabara. Kisha somo moja. Kisha hadi saa sita. Mwalimu alimruhusu atoke nje kupumua bila kuulizwa mbele ya darasa. Saa nne asubuhi alikubaliwa kuja langoni kuniona. Baadaye hilo tukaliacha. Watu walinicheka, mwanaume mzima kusimama langoni kama mlinzi. Nilistahili kuchekwa kwa mengine mengi, kwa hiyo hili halikuniuma sana.

Usidhani ilikwenda moja kwa moja. Tulikuwa na wiki nzuri, halafu usiku mmoja mbwa wa jirani anabweka na kesho yake tunarudi mwisho wa kijia cha miwa. Na mimi nilianguka. Kuna jioni niliyolipwa pesa za trekta, nikapitia pale pale pa zamani, nikarudi usiku. Nilimkuta ameketi karibu na mlango. Hakusema kitu. Alisimama akaenda kulala. Asubuhi nilimwomba msamaha mbele ya mama yake na wadogo zake. Sikuwahi kumsikia baba yangu mwenyewe akiomba msamaha, wala sikujua unaanzia wapi. Kijana alisema, "Sawa, baba. Leo twende shule?" Nimesamehewa na wengi katika maisha yangu, lakini msamaha ule ulinifundisha maana ya neema kuliko mahubiri niliyoyasikia.

Tangu hapo nilikubali kwamba mimi pia ni mgonjwa wa hofu, na pombe ilikuwa maficho yangu kama boma lilivyokuwa maficho yake. Nilianza kuzungumza na yule mshauri kwa ajili yangu mwenyewe. Kanisani nilisimama nikasema ukweli. Nilikuwa nimeogopa kwamba kutafuta msaada hospitalini kutaonekana ni kukosa imani. Mchungaji alinijibu kwamba anayemeza dawa ya malaria hajamkana Mungu. Maombi hatukuyaacha. Kila usiku tunaomba pamoja, kwa ufupi, na kabla ya maombi namwuliza kila mtoto, "Leo nini kilikusumbua?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza huko kulinichukua muda kujifunza, kwa sababu baba wa kwetu amezoea kujibu kabla swali halijaisha.

Kijana alikuwa katika kundi la mwisho lililofanya KCPE, mwaka 2023. Wiki chache kabla ya mtihani, Kakamega yetu ilipata taharuki nyingine. Wasichana zaidi ya 90 wa shule ya sekondari ya Eregi walipelekwa hospitalini miguu ikiwa imelegea, hawawezi kutembea sawasawa. Mitaani wengine walisema ni mapepo, wengine uchawi, wengine wakasema wanaigiza ili waende nyumbani. Miaka mitano nyuma ningekuwa wa kwanza kucheka. Maafisa wa afya walizungumzia uwezekano wa msukosuko wa hofu uliosambaa kwa pamoja, nami nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kwamba hofu inaweza kuushika mwili wa mtoto akiwa hana maambukizi wala uongo.

Jambo lile lilinifanya nimtazame upya binti yangu mkubwa, aliyekuwa sekondari. Huyu hajawahi kutusumbua. Alikuwa mtiifu, wa kwanza kuamka, wa mwisho kulala. Tulimsifu kwa bidii. Likizo iliyofuata nikaona anaandika ukurasa, anaukata, anauandika tena hadi daftari linaisha. Hali chakula vizuri. Kila jioni anauliza, "Na nikianguka?" Hofu ya kijana wangu ilikimbilia kwenye miwa, kila mtu akaiona. Ya binti ilijificha ndani ya alama nzuri. Tuliongea naye, tukampunguzia maneno ya "wewe ndiye tegemeo letu," tukakubaliana saa ya kufunga vitabu na kulala. Nilimwambia atabaki kuwa binti yangu matokeo yawe yoyote. Alilia. Kumbe hakuna aliyewahi kumwambia.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na wasiwasi ni miongoni mwa yanayoongoza. Ukiingia darasa lolote la hapa kwetu, hesabu mwenyewe.

Kijana wangu leo yuko sekondari. Bado hapendi giza, na akiwa na mtihani tumbo humsumbua. Lakini anajua linasema nini, na anajua la kufanya. Mimi sijaonja pombe kwa muda sasa, na kila siku namwomba Mungu siku moja tu mbele. Kwa yote haya nashukuru: kwa mwalimu aliyekataa kumchapa, kwa mama mzee aliyerudi katika nyumba aliyofukuzwa, kwa mke aliyeita msaada nilipokuwa nimeukataa, na kwa mtoto aliyenipa nafasi nyingine.

Wewe mwenzangu, huenda uko pale nilipokuwa. Mtoto anakojoa kitandani akiwa mkubwa, anaumwa tumbo kila Jumatatu, amekuwa mkali bila sababu, amejitenga, au ni mwema mno hadi hali wala halali. Kabla hujakata fimbo, mwulize anaogopa nini, na ukae hapo hadi ajibu. Mtazame mhudumu wa afya wa kijijini kwako kama msaada, zungumza na mwalimu, nenda hospitali. Mtoto akisema anataka kufa, usingoje kesho. Namba 116 hupigwa bure Kenya nzima, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Na ukiwa na zamu ya kulinda nyumba yako, ishike wewe. Mpe mtoto alale.